Mwakilishi Aliyekataa Kura ya Vuai

Jumamosi moja ya Agosti 2006, Mwatime alikuwa akisonga ugali nyumbani kwake Lanham, karibu na Washington. Mumewe, Vuai, alikuwa akitazama mpira. Mlango ukagongwa.

Alikuwa Benadetha, jirani yao. Nyuma yake alisimama mama wa Kimarekani mwenye raba zilizojaa vumbi, akivuja jasho.

“Shem, nimewaletea mgeni,” Benadetha alimwambia Vuai. “Huyu ni Bi Tibbs, mwakilishi wetu kwenye baraza la jimbo la Maryland. Anaomba kura nyumba kwa nyumba.”

Mwatime alichungulia nje. “Gari lake liko wapi? Na walinzi?”

“Hana. Ni mwalimu wa hesabu. Januari hadi Aprili wanatunga sheria kule Annapolis. Baraza likifungwa, anarudi darasani.”

“Mheshimiwa anasahihisha madaftari?” Vuai alicheka. “Kwetu akishapata kiti, hata simu yako hapokei.”

Benadetha alitafsiri. Bi Tibbs naye akacheka.

Vuai akatoa kadi kwenye pochi. “Mwambie asihangaike, kura yangu anayo. Nilipochukua leseni ya gari, karani aliniuliza kama nataka kuandikishwa kupiga kura. Nikajibu ndiyo. Kadi imekuja kwa posta.”

Safari hii Benadetha hakutafsiri. “Shem, umeshakula kiapo cha uraia?”

“Bado. Nina green card tu, ile ya ukaazi wa kudumu.”

Ndipo Benadetha akatafsiri yote. Bi Tibbs aliacha kucheka. Akajibu polepole.

“Anasema, tafadhali usinipigie kura,” Benadetha alisema.

Vuai alipunguza sauti ya televisheni.

“Mwanasiasa anakataa kura?” Vuai aliuliza.

“Wawakilishi wa jimbo wanachaguliwa na raia tu. Asiye raia akipiga kura anavunja sheria. Anaweza kunyimwa uraia, hata kurudishwa kwao.”

“Lakini karani ndiye aliyeniuliza.”

“Karani huuliza watu wote. Jibu ni lako.”

Mwatime alikaa chini. Watoto wao wawili walikuwa uani wakicheza. “Arudishwe Unguja kwa sababu ya hiyo kadi?” aliuliza.

“Hajapiga bado,” alisema Benadetha. “Kwanza muoneni wakili wa uhamiaji. Atawaelekeza namna ya kufuta jina. Na barua ya kuthibitisha muitunze.”

Jumatatu walikwenda kwa wakili. Aliiandikia ofisi ya uchaguzi ya kaunti, Upper Marlboro, jina la Vuai likafutwa, na barua ya kuthibitisha ikaja.

Septemba, kwenye mchujo wa chama chake, Bi Tibbs alishindwa kwa kura chache mno. Vuai aliposikia, alisukuma sahani pembeni. Alimwomba Benadetha ampigie simu kumpa pole.

“Anashukuru,” Benadetha alisema baada ya kukata simu. “Anasema kiti kile ni cha miaka minne tu, na wewe una watoto wa kulea. Kesho anafundisha kama kawaida.”

Miaka miwili baadaye, Vuai aliitwa kwenye usaili wa uraia. Mwatime alimsubiri nje. Vuai alipotoka, alikuwa amelegeza tai.

“Ofisa kaniuliza kama niliwahi kujiandikisha kupiga kura.”

“Ukasemaje?”

“Nikasema ndiyo, kwa kutojua. Nikampa ile barua. Akaniuliza kama nilipiga. Nikasema hapana.”

“Akasemaje?” Mwatime aliuliza.

“Kasema nisubiri tarehe ya kuapa,” Vuai alisema.