Komeo la Mlango wa Paa

Mfagiaji alilivuta komeo Ijumaa asubuhi, akausukuma mlango wa paa, mlango ukagoma. Kulikuwa na kitu kimeuegemea kwa nje. Alipoutia bega ukapata upenyo, akaona kiatu cheusi cha ngozi na mguu uliokakamaa ndani yake.

Marehemu alikuwa Yeom Tae-gil, mjumbe wa bodi ya Wakala wa Biashara na Uwekezaji wa mkoa. Ujanani alikuwa karani wa kiwanda cha nguo, kisha akaingia benki, akapanda mpaka umeneja. Alikuwa amevaa sweta tu. Koti lake, simu ikiwa mfukoni, lilikuwa bado limetundikwa katika ukumbi wa mikutano wa wakala. Ngozi ya vifundo vyake vya mikono ilikuwa imechubuka yote.

“Hakupigwa,” daktari alimwambia Inspekta Tak Yeon-suk. “Amegonga mpaka nguvu zikamwisha, baridi ikammalizia.”

Nyayo kwenye theluji zilikwenda ukingoni na kurudi mlangoni, mara nyingi. Alikuwa akiita watu wa barabarani, kisha anarudi kugonga. Jirani hapakuwa na mtu; mji mzima wa Daegu ulikuwa umejifungia ndani kwa baridi ile. Na komeo lilikuwa upande wa ndani. Aliyelisukuma alikuwa ndani ya jengo.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa mlinzi, Nam Bong-chul, mzee wa miaka sabini na kitu. Alivua kofia na kuishika kwa mikono miwili.

“Mzee, wewe ndiye unayefunga mlango wa paa?”

“Kila siku saa moja jioni, Afande. Jana nimepanda, nimekuta umeshafungwa. Nikashuka.”

“Hukufungua uchungulie?”

“Umeshafungwa, nichungulie nini?”

“Na hukusikia mtu akigonga?”

Mzee akatazama sakafu. “Upepo ulikuwa mkali. Kuna bati huko juu linapigapiga. Sijui, Afande. Labda nilisikia, nikadhani ni bati.”

Inspekta Tak aliliandika jibu hilo huku akijua litamponza mzee.

Wa pili alikuwa Gu Jae-hyeok, naibu waziri mstaafu. Wiki iliyofuata bodi ilikuwa inamchagua mwenyekiti, na siku ile ya Alhamisi yeye na Yeom walikuwa wametupiana maneno mbele ya watu.

“Nikitaka kummaliza mjumbe mwenzangu, namwalika chakula,” Gu alisema akicheka. “Simfungii paani kama paka.”

“Umesema uliondoka saa kumi na mbili. Kamera ya maegesho inasema saa mbili kasorobo.”

Kicheko kikakatika. Baada ya kubanwa alikiri: alikuwa ofisini kwa mkurugenzi wa wakala, akimwombea mkwewe kazi. Mkurugenzi alithibitisha, uso umemwiva kwa aibu.

Wa tatu hakuhitaji kutambulishwa. Wajumbe wengine walitoka wizarani, vyuo vikuu na jeshini. Ha Geum-rye peke yake alitoka kwenye mitambo ya kufuma. Zaidi ya miaka thelathini nyuma kiwanda chao kiliungua, na wasichana wengi wakafia nyuma ya mlango uliofungwa kwa ufunguo. Yeye alivunja dirisha akawatoa wenzake. Ndivyo alivyosimulia mashuleni na mbele ya wawekezaji wa nje, na watu wazima walilia. Mama yake Tak, aliyefuma maisha yake yote, alikuwa amebandika picha ya Bi Ha kwenye friji.

Alhamisi jioni Bi Ha alikuwa katika chumba cha mapumziko, ghorofa ya juu kabisa, akimsubiri dereva wake.

“Nilikuwa hatua chache tu, mwanangu,” alisema. “Lakini masikio haya niliyaacha kwenye mitambo. Mtu kanililia ukutani nami nakunywa chai!”

Akalia. Tak alijisogeza mbele yake na kupaza sauti, kama alivyozoea na mama yake. Wakati huo Sajini Pyo akachungulia mlangoni, nyuma ya mgongo wa Bi Ha, akanong'ona, “Afande, mtoto wa marehemu amefika kutoka Seoul. Nimweke wapi?”

“Mleteni kwangu, maskini,” Bi Ha alisema akifuta machozi. “Nimfariji.”

Tak aliguswa na wema huo. Hakuona kingine.

Mwendesha mashtaka alitaka mkosaji awe mlinzi. “Umri umekwenda, mzee. Si inawezekana ulifunga wewe, ukasahau?” Aliuliza hivyo mchana kutwa, mpaka mzee Nam akajibu, “Labda.” Walimwachia aende nyumbani kusubiri kesi. Wakala ulimfukuza kazi siku hiyohiyo.

Jumapili Tak alikula kwa mama yake. Akiwa ameketi kwenye sakafu iliyopashwa joto alisema, “Mama, supu inafurika.” Mama, akiwa amempa mgongo, aliendelea kukata kimchi, kabichi iliyochachushwa. Supu ikamwagika motoni.

“Ukinisemesha njoo mbele yangu!” mama alifoka. “Nione mdomo!”

“Kwani wote mliofuma mko hivi?”

“Wote! Waliokuwa ofisini ndio mpaka leo wanasikia mbu.”

Tak akaweka kijiko chini. Hakula tena.

Siku mbili alimtafuta mtu aliyenusurika moto ule. Alimpata mmoja, Bang Sun-im, mwenye kibanda cha tambi karibu na stesheni, shingo yake na kovu la moto. Ilibidi Tak aandike swali kwenye mvuke wa kioo cha dirisha.

“Geum-rye?” mama yule alisema kwa sauti kubwa ya viziwi. “Hakufuma hata siku moja. Alikuwa msimamizi wetu. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake.”

“Mbona mlinyamaza?”

Bang alimsoma midomo, akakoroga tambi. “Mwanangu kapata kazi kupitia kwake. Na waliokufa wamekufa.”

Alhamisi bodi ilikutana kupiga kura. Tak aliingia bila kubisha, akasimama nyuma ya kiti cha Bi Ha. Dakika chache kabla, nje ya ukumbi, Sajini Pyo alikuwa amemletea habari. Alichoambiwa akakirudia pale, kwa sauti ya chini kabisa.

“Mzee Nam amejiua jana jioni.”

Bi Ha akageuka mzima mzima. Uso ulikuwa umemsawijika.

“Umenisikia,” Tak alisema, bado kwa sauti ileile.

Bi Ha akaitazama mikono yake juu ya meza.

“Ni kweli amekufa?”

“Kweli. Bang Sun-im ameniambia habari ya ufunguo. Yeom alikutaka nini paani? Uenyekiti?”

“Angetaka uenyekiti ningempa.” Sauti yake ilikuwa kavu. “Alikuwa na saratani. Akaniambia, Geum-rye, twende kwa wazazi waliobaki, tupige magoti wewe na mimi. Siku zile, akiwa karani wa kiwanda chetu, ndiye aliyeniletea amri ya tajiri: funga, wasichana wanaiba nguo. Mimi nikageuza ufunguo. Moto ulipowaka nikakimbia nao. Kanyamaza miaka yote hii, leo anakufa ndio anataka asamehewe, jina langu liende naye kaburini!”

“Ulimsikia akigonga.”

“Mwanzoni nilitaka kumtisha tu. Halafu nikawaza, nikifungua atasema yote. Kila nilipongoja ikazidi kuwa vigumu kufungua.” Akanyanyua macho. “Nilikaa nikamsikiliza mpaka dereva alipofika. Ni mlio uleule, Afande. Wale wasichana waligonga vilevile.”

Sajini Pyo akamtoa nje. Gu Jae-hyeok akakohoa, akapanga karatasi zake.

“Hili lisitoke humu ndani,” alisema, “mpaka tumalize kura.”

Wakapiga kura. Gu akawa mwenyekiti. Taarifa ya wakala ilieleza kwamba Bi Ha amejiuzulu kwa sababu za kiafya.

Jioni Tak alikwenda kwa mjane wa mlinzi, chumba kimoja nyuma ya soko. Alivua viatu, akainama mpaka chini.

“Mama, aliyefunga hakuwa mumeo. Aliukuta mlango umefungwa, kama alivyosema.”

Mjane hakulia. “Kila usiku alikuwa akiniamsha. Nilisikia au sikusikia? Namwambia lala. Nikachoka, siku moja nikamwambia labda ulisikia.” Akamkazia macho Tak. “Wewe umejua lini?”

Tak angeweza kujibu kwamba ni leo. “Nilianza kujua Jumapili. Nilikuwa natafuta shahidi.”

“Jumapili,” mjane alirudia. “Yeye kafa Jumatano.”

“Sikuwa na hakika, Mama.”

“Yeye pia hakuwa nayo.”

Akasimama, akafungua mlango, akaushika wazi, baridi ikiingia chumbani, akamsubiri Inspekta Tak avae viatu vyake.