Msaidizi wa Profesa

Lifti ya hospitali ya chuo ilijaa hadi mlangoni. Mtafiti, koti jeupe juu ya gauni la njano, alikumbatia boksi la barafu. Mtangazaji wa redio akaliegemea.

"Kaka, humo mna seli hai."

"Samahani, dada. Nimeziumiza?"

Akacheka bila kutaka. Walipofika juu, alikuwa ameshampa namba yake.

Mapenzi yakakolea. Jioni walipiga soga kwenye simu, naye akamweleza kazi yake: vimeng'enya vinavyobandua kemikali iitwayo fosfeti kwenye protini nyingine, vikiziwasha au kuzizima.

"Kimeng'enya chenyewe hakijui pa kwenda, mpenzi. Kuna protini inayoambatana nacho, inakipeleka mahali pake na kukizuia kisiguse kisichokihusu. Hiyo nimeigundua mimi."

"Nikuhoji redioni?"

"Mhoji Profesa, mkuu wa maabara yetu, ila nitaje."

Jumapili mama yake mtafiti alifungua redio sebuleni. Profesa akasema, "Ugunduzi wangu." Mtangazaji akampongeza, kisha akaongeza kwa kicheko, "Nasikia una wasaidizi wazuri pia."

Mama akamgeukia. "Mwanangu, si ulisema ni wewe?"

Mtafiti akatoka nje na simu, akampigia.

"Ulijua."

"Mpenzi, tulikuwa hewani. Ningemkatizaje mtu mzima?"

"Yeye hukumkatiza, mimi ukanifuta. Mbele ya mama yangu."

"Lakini niliwasifu wasaidizi…"

"Mimi si msaidizi. Usinipigie tena."

Hakupokea simu zake wiki nzima. Kila alipomwona Profesa akipeana mikono na wageni, aligeuza njia.

Jumapili iliyofuata mama ndiye aliyemwita sebuleni. Mtangazaji alikuwa akisema, "Wiki iliyopita niliwadanganya nikijua. Protini ile iligunduliwa na mwanamke niliyemwita msaidizi." Akamtaja kwa jina lake kamili. Kabla hajamaliza, muziki ukamfunika.

Kesho yake mtafiti alimkuta amesimama kwenye korido ya Profesa, shati limekunjamana.

"Wamekufukuza?"

"Wamenitupa kwenye kipindi cha alfajiri. Profesa alimpigia mkurugenzi."

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua. Nimekuja tuingie wote kwake."

"Naingia mwenyewe. Kazi ni yangu, na jina ni langu." Akamnyooshea kola ya shati, bila tabasamu. "Wewe nisubiri hapa. Nikitoka twende nyumbani, ukamwombe mama radhi. Halafu kama unataka kunioa, mwambie hapohapo."

Mtafiti akafungua mlango wa Profesa bila kubisha.