Yai la Tisa

Kasa akipanda ufukweni kutaga huacha mburuzo mpana mchangani, kama gogo lililokokotwa. Kiota alichokikuta Mama Pacha Jumatatu alfajiri hakikuwa na mburuzo wowote. Kilikuwa shimo lililofukiwa vizuri, karibu mno na maji, na mchanga wake ulikuwa wa moto ilhali jua halijachomoza.

Miaka kumi na mmoja ya uaskari wa hifadhi ilimfundisha jambo moja: maji makubwa ya Ijumaa yangekifunika kiota kile, na mayai yangeoza. Akamwita mwenzake wa zamu, mwanamume mnene mcheshi waliyembandika jina Kijiko, kwa kuwa hakuna sufuria iliyowahi kumpita salama. Wakafukua. Kasa hutaga mayai mia na ushei. Humu mlikuwa na tisa tu, ya kijivu, mazito kama mawe ya mizani.

"Huyu naye kapanga uzazi," Kijiko akacheka.

Mama Pacha akatangulia kuchimba shimo jipya ndani ya uzio wa wavu, nyuma ya kituo. Kijiko akamfuata na ndoo, akayafukia mwenyewe.

Jumanne kituo kizima kilinuka maziwa. Si ya kopo. Maziwa ya mama, yaliyochacha kifuani. Mama Pacha aliijua harufu ile, kwani alinyonyesha wawili kwa mpigo. Akafungua madirisha yote. Harufu ikazidi.

Jumatano adhuhuri alikuwa peke yake akijaza daftari la doria, akasikia mwanamke akihesabu nyuma ya ukuta. Moja, mbili, tatu... Akifika nane ananyamaza, anashusha kwikwi, anaanza tena. Mama Pacha akatoka mbio. Hapakuwa na mtu. Mchanga kuzunguka uzio ulikuwa chapachapa, na bahari ilikuwa imekupwa mbali kabisa.

Alhamisi, jua likizama, alimwona mwanamke mwenyewe. Alisimama ndani ya uzio ambao kufuli lake halikuguswa wala wavu wake kuchanika, amempa mgongo, nywele zikimfika visiginoni na zikichuruzika maji, na kutoka kifuani kwake kitu cheupe kilidondokea mchangani tone kwa tone, na Mama Pacha akabaki kutazama kile kichwa kikigeuka taratibu, taratibu, mpaka kikamkabili huku mabega hayajasogea.

"Umewatoa wanangu kitandani."

"Maji... maji yangewaua," Mama Pacha alinong'ona.

"Maji ndiyo pumzi yao. Wanao wawili wanalala chumba cha kushoto, mmoja ananyonya kidole. Kesho maji yakijaa, nirudishie tisa. Likipungua moja, nitaziba pengo kwako."

Alipopepesa macho, uzio ulikuwa mtupu. Akafukua kwa kucha. Nane.

Alimkuta Kijiko jikoni, amejikunyata, jasho linamtoka.

"Kijiko! Yai liko wapi?"

"Nisamehe, dada yangu. Tamaa tu. Nililichemsha saa nzima, halikuiva. Nikalinywa hivyo hivyo." Akashika tumbo. Sauti ikamfifia. "Tangu hapo linacheza."

Mama Pacha akainua mkono ampige, ukamwishia hewani; akamweleza sharti la yule mwanamke. Usiku ule alikesha mlangoni kwa wanawe.

Ijumaa maji yalijaa mchana kweupe. Wakayarudisha mayai nane kwenye shimo la awali, na wimbi la kwanza lilipolifunika, mwanamke akainuka majini mpaka kiunoni. Akahesabu. Akamgeukia Mama Pacha, akafungua mikono kama apokeaye mtoto.

"Ngoja!" Kijiko akajitosa mbele. "La tisa ninalo mimi. Watoto wa huyu usiwaguse. Hawana kosa."

Mwanamke akamsogelea. Akaegemeza sikio juu ya tumbo lake, akasikiliza kitambo kirefu. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile Mama Pacha angelipa chochote asilione.

"Basi usilalie tumbo," akamwambia Kijiko kwa upole. "Na usimpeleke mbali na maji."

Akazama.

Jumamosi Kijiko hakuripoti kazini. Mama Pacha alimkuta ufukweni, ameketi majini mpaka kifuani, macho mekundu.

"Nikitoka analia," alisema. "Dada, sikiliza."

Kutoka kina kirefu sauti ya kike ilikuwa ikibembeleza. Na ndani ya shati la Kijiko, kitu kikaitikia.