Mfumo Unaomkaa Mkasi

Nyumbani kwetu asubuhi huanza kwa mlio wa cherehani. Sebule yetu ndiyo karakana yetu. Cherehani mbili ziko dirishani. Katikati ipo meza ya kukatia vitambaa. Karibu na mlango kuna kiti cha mume wangu, na mbele yake kimeza chenye kompyuta.

Mume wangu ni fundi wa kukata nguo. Mtaa mzima humwita Mkasi. Akimtazama mteja tu, anajua bega lipi limeshuka, na tepu bado iko mfukoni. Na ulimi wake nao ulikuwa mkasi! Kwa utani hakuwa na mwenzake.

Kisha akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea. Ulimi ukawa mzito, maneno hayatoki. Tulimshukuru Mungu kwamba uhai upo. Lakini nyumba ilikuwa kimya, na mimi kimya sikiwezi.

Binti yetu ndiye aliyepata wazo. Alichukua kompyuta mpakato ya zamani aliyoachiwa na shangazi yake, akamwekea baba yake pale mezani. Mkasi akaanza kudonoa herufi kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa hii: "Chai ya leo ni maji ya moto tu." Nilicheka hadi nikakaa chini. Mume wangu amerudi!

Tangu siku hiyo kompyuta ile ikawa mdomo wake. Aliandika, sisi tukasoma na kumjibu. Alitania wateja. Alinigombeza nikikata kitambaa vibaya. Nilinuna, lakini moyoni nilifurahi.

Halafu kompyuta ikaanza visa. Matangazo yalijitokeza yenyewe. Ilizimika katikati ya sentensi. Mkasi akibonyeza herufi, inatokea baada ya mimi kumaliza kushona kifungo. Alikuwa akinitazama, anasubiri herufi yake. Niliumia sana.

Siku moja shemeji yangu, mdogo wake Mkasi, alikuja kututembelea. Kazi yake ni kuchomelea mageti, lakini duniani hakuna asilolijua. Ukimuuliza yeye lakini.

"Shemeji, mfumo wa hii kompyuta umechoka," alisema. "Tuweke Linux."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni mfumo endeshi. Huo ndio unaoiendesha kompyuta yote. Bila mfumo, hili ni boksi tu. Na Linux haina malipo."

Akanionyesha picha kwenye simu yake. Moja ilikuwa nyeupe, nyingine ya bluu, nyingine ina madirisha yanayoruka na kung'aa kama kioo.

"Mbona hazifanani?"

"Linux ni moja, sura ni nyingi. Wewe chagua tu."

Sasa sikilizeni akili yangu. Mimi kila mwaka nashona sare za shule. Mzazi mwerevu hashoneshi sare ya kumtosha mtoto leo. Anashonesha kubwa, mtoto aikulie. Basi nikaona hapa pia ni vilevile.

"Weka hiyo kubwa kuliko zote," nikasema. "Hiyo yenye madirisha ya kuruka. Tutaikulia."

"Hapo umenena, shemeji!"

Hakuuliza zaidi. Akachomeka vifaa vyake, akafuta kila kitu, akaweka mfumo mpya. Binti yetu aliporudi, swali lake la kwanza likanikata maini.

"Baba mdogo, maandishi ya baba umeyahamisha kwanza?"

Shemeji alikuna kichwa. Akatazama dari. Nikajua jibu.

"Bahati yako," binti alisema. "Nilikuwa nayahifadhi kwenye flashi yangu. Utani wa baba siwezi kuuacha upotee."

Nilimkumbatia mtoto yule hadi akalalamika. Asante, mwanangu. Asante sana.

Lakini mfumo mpya haukutusaidia. Feni ya kompyuta ilivuma kama mtu anayepuliza uji. Madirisha yaliruka kweli, ila yaliruka polepole, na herufi nazo zikafuata mwendo huohuo. Tena zilikuwa ndogo kama mchanga. Mkasi aliandika neno moja. Akasubiri. Akasubiri tena. Kisha akafunga kompyuta kwa mkono wake wa kushoto, akageukia ukutani.

Kesho yake hakuifungua. Wala siku zilizofuata. Nilimwambia, "Jaribu, baba." Alitikisa kichwa tu. Niliogopa. Mtu akikosa njia ya kusema, mwisho ataacha hata kutaka kusema.

Wiki hiyo jirani yetu alikuja kujaribu gauni lake. Yeye ni mkutubi. Anaangalia vitabu na kompyuta za maktaba ya mtaa. Gauni lilikuwa limepigwa bandi tu, yaani limeshikwa kwa nyuzi ndefu za muda. Alisimama katikati ya sebule, pini kila mahali. Mkasi alikuwa kitini. Aliinua mkono wake wa kushoto, akaushusha. Nilidhani anafukuza nzi.

Mimi nikaanza kulalamika.

"Hiyo Linux aliyotuwekea shemeji ni ya ovyo! Rahisi ghali, wahenga walishasema."

"Linux? Kompyuta zote za maktaba zinatumia Linux, dada, na zinafanya kazi vizuri. Mliichaguaje?"

"Tulichagua kubwa kabisa, ili tuikulie."

Mkutubi alicheka. "Aa! Usinichekeshe, pini zinanichoma! Dada, mtoto hukua. Kompyuta haikui. Nguvu iliyozaliwa nayo ndiyo hiyohiyo hadi kufa, labda uiongezee vifaa. Hii ni ya zamani. Umeivalisha koti la jitu."

Nilitoa pini niliyokuwa nimeishika mdomoni.

"Basi Linux haitufai?"

"Inawafaa. Kilichowalemea ni deskitopu. Ile sura unayoiona ukiwasha kompyuta, yenye menyu, picha na madirisha, ndiyo deskitopu. Linux ina deskitopu nyingi. Nyingine ni nzito, kwa mashine mpya zenye nguvu. Nyingine ni nyepesi, kwa mashine kama hii. Nyepesi si mbaya. Haina mapambo mengi tu."

"Na kwa nini ni bure? Hakuna mtego?"

"Ni mfumo huria. Wewe ukiweka wazi paterni ya gauni, ile karatasi ya kukatia, fundi mwingine ataikata, atairekebisha, atampa mwenzake. Hakuna atakayemwita mwizi. Linux ni hivyo. Watu wengi duniani wanaitengeneza pamoja. Ila uichukue kwenye tovuti yake rasmi, si kwa yeyote tu. Mfumo wenu wa kwanza mliupata wapi?"

"Fundi mmoja wa kompyuta alituwekea. Nakala ya kuiba, nadhani."

"Hapo ndipo wadudu, yaani virusi, walipoingilia. Nakala za wizi mara nyingi huja na uchafu, na hazipati masasisho ya usalama."

Nikaendelea kupachika pini. Kisha akaniuliza swali ambalo sitalisahau.

"Kabla ya kuweka mfumo, mliujaribu?"

"Utaujaribuje kabla hujauweka?"

"Dada! Si hivi mimi nimevaa gauni la bandi? Ungelishona moja kwa moja bila kunijaribisha?"

"Haramu! Sijawahi."

"Basi na Linux hujaribiwa vivyo hivyo. Unaiweka kwenye flashi. Unawasha kompyuta kutoka kwenye flashi. Unaiona, unaandika, unasikiliza sauti, unajaribu intaneti. Usipobonyeza pa kuiweka moja kwa moja, ndani ya kompyuta hakiguswi kitu. Haikupendezi? Unachomoa flashi. Bandi imefumuliwa, kitambaa kizima." Akageuka polepole, akamtazama Mkasi. "Na kompyuta hii ni ya kuvaliwa na nani?"

"Na yeye."

"Mlimpima?"

Hakuna aliyempima. Mimi nilichagua, shemeji akaweka. Mvaaji alikuwa ameketi palepale na hatukumuuliza hata kwa kutikisa kichwa. Nilikwenda nikapiga magoti mbele ya kiti chake. "Nisamehe, baba Mkasi," nilisema. "Safari hii utachagua wewe."

Kesho yake alasiri mkutubi alikuja na flashi zake, kila moja na deskitopu yake. Shemeji naye alikuja. Nilimwambia akae, aangalie, asiguse. Ajabu, alitii.

"Fundi," mkutubi alimwambia Mkasi, "leo mteja ni wewe. Nikuonyeshe?"

Mkasi alizitazama zile flashi moja moja. Kisha akafungua kompyuta kwa mkono wake mwenyewe.

Flashi ya kwanza ilikuwa nzuri, lakini feni ilianza kuvuma. Mkasi akatikisa kichwa. Ya pili ilikuwa nyepesi, ila menyu yake ilijificha. Alitafuta pa kubonyeza, akakunja uso. Ya tatu haikuwa na mbwembwe. Mstari mmoja chini, menyu kwenye pembe, basi. Aligusa herufi. Ikatokea palepale. Akagusa nyingine. Palepale! Akabonyeza mfululizo kama mtoto aliyepewa filimbi: aaaaaa. Akamtazama mkutubi, akagonga meza mara moja. Hiyo.

"Hata mimi ningechagua hiyo," shemeji alisema.

"Wewe kaa," nikamjibu.

Mkutubi hakuharakisha. Kwanza alihakikisha sauti inasikika na intaneti inashika. Akamuuliza binti yetu kama maandishi yote yako kwenye flashi. Binti akaifungua, wakayaangalia. Ndipo akaweka mfumo moja kwa moja. Baada ya hapo akakuza herufi zikawa kama za kwenye bango. Kisha akafanya jambo ambalo sikujua lipo. Kuna vitufe ambavyo hubonyezwa viwili kwa pamoja, na Mkasi ana mkono mmoja. Mkutubi alirekebisha, ikawa anabonyeza kimoja, anakiachia, kisha anabonyeza cha pili.

"Kompyuta ikikuambia kuna masasisho, yakubali," alisema. "Hayo ndiyo kiraka kabla hapajachanika. Na kila wiki mhamishie maandishi yake kwenye flashi."

Alisogea nyuma. "Haya, fundi. Sema."

Sote tulisimama nyuma ya kiti. Kidole kikashuka. Herufi zilitokea moja moja, kubwa, nyeusi, bila kusubiri.

"Mkutubi, bega la kushoto la gauni lako limepanda. Mke wangu alifumue kabla hajashona."

Nilikimbilia gauni lililoning'inia ukutani. Nikaweka tepu. Bega lilikuwa limepanda kweli! Ule mkono aliouinua jana haukuwa wa nzi. Alikuwa anatuonyesha bega, na hakuwa na pa kulisemea.

Nililia bila aibu. Mkutubi naye alilia. Shemeji alisema kuna vumbi, akatoka nje.

Siku hizi sebule yetu ina kelele tena. Wateja husimama mbele ya Mkasi, naye huandika mahali pa kupunguza na mahali pa kuachia. Mimi nakata kwa macho yake. Binti anafanya kazi zake za masomo kwenye kompyuta ileile, na haijazimika katikati ya sentensi ya mtu. Shemeji ameweka Linux kwenye kompyuta yake. Aliijaribu kwenye flashi kwanza, tena kwa siku kadhaa, na anawaeleza watu kana kwamba alizaliwa akijua.

Mkutubi alipokuja kuchukua gauni, alikataa malipo ya kazi yake. Mimi nikakataa ya kwangu. Alilivaa, akageuka mbele ya kiti cha Mkasi.

"Je, fundi?"

Mkasi alilitazama bega la kushoto, kisha la kulia. Akaandika: "Limekukaa."

"Na kompyuta yako?"

Hapo hakuharakisha. Aliandika, nasi tukasoma herufi kwa herufi.

"Nayo imenikaa. Asanteni kwa kunipima."