Mluzi wa Ayanle

Nilikuwepo mwenyewe, msinibishie. Korane wa Garissa aliingia hifadhi ya Mlima Kenya kumtafuta mdogo wake, Ayanle, aliyepandisha ng'ombe huko wakati wa ukame. Siku ya kumi na moja hiyo tangu apotee, na mama yao hali wala halali.

Saa saba mchana, ndani ya mianzi giza totoro.

"Mzee, turudi," askari wa hifadhi aliyetusindikiza alimsihi. "Huku hata ndovu hupotea."

"Rudi wewe, warya! Mimi nimekuja kuchukua ndugu yangu."

Kwao kila mchungaji ana miluzi yake ya kisimani: mmoja wa kuita ng'ombe wanywe, mwingine wa kuwafukuza wakishatosheka. Korane alipiga ule wa Ayanle wa kuita. Kimya. Akapiga tena.

Akajibiwa. Wallahi ni Ayanle, nani mwingine ana pengo la kuvujisha pumzi vile? Lakini alipiga ule wa kufukuza. Korane aliita jina mpaka sauti ikakauka, na kila akiita, alifukuzwa.

Askari akatimua mbio. Hapana, hapo nimetunga. Askari alisimama palepale akitazama viatu vyake, maana mluzi ulikuwa unatoka ardhini, chini ya nyayo zake.