Siku Moja Meru

Haya yalimpata Ruguru, mwalimu wa Runyenjes niliyesoma naye, na hadi leo huyasimulia akiwa ameinamisha uso.

Mamake alikuwa kitandani mwaka wa pili, miguu haina nguvu. Jumamosi moja Ruguru alimwambia, "Mami, naenda semina," akamwachia jirani yao Kanini, akaenda Meru kutembea peke yake. Alitaka tu siku moja bila kuitwa. Alizunguka mtaa wa kale, akala sambusa za moto katika kihoteli, akapiga picha milango ya zamani. Alicheka peke yake njiani, na hilo ndilo linalomchoma zaidi.

Mchana aliingia jumba la mawe lililojengwa enzi za wakoloni. Chumba cha chini hakikuwa na dirisha. Alipofika katikati ya giza alisikia nyuma yake miguu ikiburutwa sakafuni, polepole, halafu kikohozi anachokijua tangu utotoni. Kisha sauti ikamuuliza kwa Kiembu, bila hasira, "Umekula?"

Hakugeuka. Alipapasa ukuta mpaka akaupata mlango, akarudi nyumbani moja kwa moja.

"Amelala tangu saa sita," Kanini alimwambia. "Sikutaka kumwamsha."

Ruguru alichemsha maji ili amwoshe miguu, maana hakuweza kumtazama usoni. Akafunua blanketi. Nyayo zile laini, ambazo hazikuwa zimekanyaga chini kwa miaka miwili, zilikuwa zimepasuka na kujaa vumbi jekundu, na damu ilikuwa bado mbichi.