Viporo vya Mwepesi

Ndugu zangu, sina nguvu ya kupamba maneno. Nimepakia vifurushi kwenye magari ya watu mpaka mgongo umekataa, na hadithi hii naisimulia nikiwa nimekaa. Nanyi kaeni, tusikilizane.

Palikuwa na dereva mmoja tuliyemwita Mwepesi. Alipeleka vifurushi nyumba kwa nyumba, na alikuwa akirudi bohari na gari tupu wakati wenzake bado wanagonga milango ya watu. Kwake kulikuwa na utulivu wa kuonea wivu. Alasiri ungemkuta amevua viatu mlangoni, mkewe anakunja nguo, redio inaongea peke yake. Mke yule alikuwa na ugonjwa wa presha. Alimeza kidonge kila asubuhi, na kidonge kililipwa na bima ya kazi ya mumewe. "Mimi napumua kwa hisani ya kampuni," alikuwa akitania, na mume anacheka.

Utulivu huo uliingiwa na mdudu siku tulipoitwa kupitisha mkataba mpya. Katibu wa chama chetu alikuwa mmoja wa madereva, mama wa makamo tuliyembandika jina la Mama Kifungu, maana hata ukimsalimia alikujibu kwa kifungu cha mkataba. Alipanda juu ya kreti akasoma: "Mizigo itakayobaki bohari mwisho wa zamu inaweza kupelekwa na magari ya kukodi."

"Hapa pana tundu," akasema. "Itabaki kwa sababu gani? Nani kaibakisha? Tuwarudishie waandike kwamba ni msimu wa mizigo mingi tu, tena chama kikubali kwanza."

"Mama, tumechoka!" Mwepesi akapaza sauti kutoka nyuma. "Nyongeza imo, bima imo. Unataka nini tena, waandike na rangi ya gari?"

Watu wakacheka, mikono ikanyooshwa, mkataba ukapita. Kweli tulikuwa tumechoka. Uchovu ni mshauri mbaya, lakini siku ile ndiye tuliyemsikiliza.

Sasa oneni akili ya mtu. Mwepesi alikuwa na shemeji, kaka wa mkewe, mwenye pikapu kuukuu na hana kazi ya kuipa. Akamwambia, "Shemeji, nenda ofisini kaandikishe gari lako. Mzigo niachie mimi, utaupata." Tangu hapo, dereva aliyekuwa akimaliza njia kabla ya wote akaanza kurudi na vifurushi. Mara mlango ulikuwa umefungwa, mara pana mbwa mkali, mara anwani haieleweki. Alivipanga kwenye rafu ya viporo, ndivyo tulivyoiita mizigo iliyolala, na asubuhi shemeji akaja kuvibeba. Malipo wakagawana.

Mkewe alipozisikia habari hizo za njiani akamwuliza, "Wewe mbwa umeanza kuwaogopa lini?"

"Wewe kula tu, mke wangu. Ya jikoni niachie mimi."

Siri ya madereva haikai. Huyu akamleta binamu yake, yule akamleta jirani, na msimamizi wa ofisi akawaandikisha wote huku akitabasamu bila kuuliza swali. Rafu ikajaa, viporo vikashuka sakafuni. Jamani, kila mmoja alijiona mjanja peke yake!

Kumbe mjanja alikuwa ofisini. Likabandikwa tangazo: kwa kuwa madereva wameshindwa kumaliza mizigo, upande wote wa mashariki wa mji atapewa mkandarasi, na madereva wa huko kazi yao imekoma. Mwepesi alikuwa wa magharibi. Alilisoma tangazo mara mbili, akashusha pumzi.

Mama Kifungu akapeleka shauri kwa msuluhishi wa migogoro ya kazi. Kisha akaenda nyumbani kwa Mwepesi, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Mwanangu, nataka mtu mmoja aseme kweli. Kwamba mizigo haikutushinda. Kwamba iliachwa kusudi, na ofisi ikijua, ikatufungulia mlango. Ukisema wewe uliyeanza, msuluhishi atasikia."

"Wakinifukuza je? Mke wangu anaishi kwa bima hii."

"Wanaweza kukufukuza, sitakudanganya. Lakini tutasimama na wewe. Ukinyamaza, zamu yako ikifika hutamkuta wa kusimama naye."

Mkewe alikuwa mlangoni, birika mkononi. "Mimi usinifanye kisingizio," akamwambia mumewe. "Nenda kaseme."

Mwepesi akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio. Mama Kifungu akaaga. Chai hakuigusa.

Shauri likaanguka, kwa kuwa hakuna dereva aliyefungua kinywa. Hazikupita siku nyingi, mkandarasi akapewa na magharibi. Mwepesi akarudisha funguo za gari na kadi ya bima kwa siku moja. Pikapu ya shemeji nayo ikakataliwa. Mkandarasi alikuwa na magari yake mapya, kigari kimoja cha kukohoa cha nini? Shemeji alikuwa amekwisha kukopa matairi kwa kutegemea kazi ile, na sasa hakanyagi tena kwa dada yake.

Leo Mwepesi anaendesha gari la mkandarasi, njia ile ile, ngazi zile zile. Analipwa kwa kifurushi kilichofika tu. Mlango ukifungwa anasubiri kwa gharama yake, na bima hakuna.

Juzi alirudi akamkuta mkewe mezani, kisu cha jikoni mkononi, anakata kidonge.

"Unafanya nini?"

"Nusu leo, nusu kesho. Usijali, sijisikii vibaya sana."

Akakaa, viatu bado miguuni. "Ningesema siku ile," akasema. "Ningekwenda tu nikasema."

"Ungesema," mkewe akajibu, akaifunika chupa ya dawa.

FUNZO

Wafanyakazi wenzangu, anayeiuza kazi ya mwenzake kwa rejareja, yake itauzwa kwa jumla. Kifungu chenye tundu hakiumi mpaka sisi wenyewe tutie mkono ndani, na mwajiri hahitaji kutusukuma akituona tunagombania kuutia. Kwa hiyo ukichoka, omba kikao kiahirishwe ukalale, lakini usipitishe neno usilolielewa ili uwahi nyumbani. Na kama umekwisha kosa, sema mapema, wakati kweli yako bado ina mtu wa kumwokoa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na anayeanguka huwa si mkimbiaji peke yake. Mke wa Mwepesi hakuendesha gari, hakuacha kiporo, hakunyoosha mkono. Yeye ndiye anayekata kidonge.